Kura ya Usingizi wa Mjomba

Nyumbani,
4 Februari

Kwa mpwa wangu Daktari,

Pokea salamu za nyumba nzima, kila mtu na zake. Mama yako hajambo, ila goti bado linamtangazia mvua kabla ya redio. Binamu yako, mwanangu kinyozi, amenunua kiti kipya cha kuzunguka, na siku hizi watu wanaingia kibandani kwake hata wasio na nywele, mradi wazungushwe. Mkewe yuko na cherehani yake. Baba yako mdogo anaendelea kuuza magodoro na kulala juu yake mchana kutwa, akiulizwa anasema anayajaribu. Kwa hiyo, ukiniondoa mimi, sote wazima.

Sasa nije kwenye shauri. Mwezi uliopita nilishikwa na maumivu ubavu wa kushoto. Nilijikunja sakafuni pale sebuleni nikamwita marehemu mke wangu kwa jina tamu ambalo sikumwita hata siku moja alipokuwa hai. Nikapelekwa hospitali, nikapigwa picha, nikaambiwa nina jiwe kwenye figo, sentimita mbili na nusu. Daktari ni kijana wa miwani. Alinionyesha lile jiwe kwenye picha kwa furaha kabisa, akasema kwa ukubwa huo halitoki kwa kunywa maji. Watatoboa tundu dogo mgongoni, wapitishe chombo, walivunje, walitoe vipande vipande.

Hayo yote niliyakubali. Balaa lilianza pale aliponiuliza: "Mzee, unataka nusukaputi au ganzi ya mgongo?" Yaani ama nilale fofofo nisijue kitu, ama nichomwe sindano ya uti wa mgongo, kiuno na miguu vife ganzi, halafu nibaki macho nikisikia wanavyonigonga. Akasema kwa hali yangu vyote viwili vinawezekana, nikafikirie nyumbani. Mpwa wangu, miaka thelathini na tano nimekuwa karani wa mahakama. Kazi yangu ilikuwa kuandika walichoamua wengine. Leo mtoto wa miwani ananipa hukumu niitoe mwenyewe!

Basi nikaitisha kikao. Mama yako mwenyekiti, mimi katibu. Baba yako mdogo alisema nusukaputi, kwa sababu hajawahi kuona ubaya wa usingizi. Mama yako naye nusukaputi. Kinyozi alisema ganzi, kwa sababu kwenye kazi yake mtu aliye macho unaweza kumwambia ageuze kichwa. Mkewe akamuunga mkono, ingawa kila mtu aliona kwamba hawajasemeshana tangu asubuhi. Mimi nilinyimwa kura. Walisema nina maslahi katika shauri.

Mbili kwa mbili. Kikao kimeamua kura ya mwisho iwe yako, wewe uliyesomea. Tuandikie. Simu usipige, maana simu haina sahihi na mama yako huiweka kwenye spika. Utaratibu wa nyumba unaujua: barua ikiingia inasomwa mbele ya wote Jumapili baada ya chakula, na ikitoka inasomwa kwanza ndipo ibandikwe stempu. Tangu baba yako mdogo alipowaposa wanawake wawili kwa barua katika wiki moja, mama yako haamini bahasha iliyofungwa.

Barua hii imesomwa na kupitishwa. Mama yako ameagiza niongeze kwamba ule vizuri.

Mimi mjomba wako,
Katibu

*

Mjini,
3 Machi

Mjomba, shikamoo. Shikamoo Mama. Shikamoo Baba Mdogo, na kama umeshasinzia mtu akuguse. Binamu na wifi, hamjambo? Semeshaneni.

Nisameheni kuchelewa. Kazi zimetubana mno, mashine moja imeharibika na zilizobaki zinafanya kazi ya zote. Naishi palepale, chumba kilekile, bomba la maji la uani sasa linafanya kazi. Kula nakula, Mama.

Mjomba, pole sana. Nilisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Hilo jiwe si dogo.

Kuhusu kura, nimemuuliza anayejua kuliko mimi. Hapa yuko daktari wa usingizi, mama mmoja mkali, huja kwetu mwenyewe kugombana akiona gauni lina doa. Nilimsubiri amalize kugomba, nikamuuliza. Alinijibu vizuri kuliko nilivyotegemea. Alisema ganzi ya mgongo haikulazi, unaongea na watu, na mara nyingi kichefuchefu baada yake huwa kidogo. Ila kwa upasuaji huo utalala kifudifudi, pengine saa nzima, pengine mbili, na wapo ambao uvumilivu huisha kabla ya kazi kuisha. Nusukaputi unalala, wanakuwekea bomba kooni likusaidie kupumua, na daktari hakuondokei hata kidogo mpaka uzinduke. Alisema pia umtajie daktari wako dawa zote unazotumia, hasa za kufanya damu iwe nyepesi, na ugonjwa wowote wa moyo, kifua au mgongo. Usifiche kitu, ndivyo alivyosema, na hilo alilikazia kwa kidole.

Kura yangu naomba nisiipige. Daktari wa kukuamulia ni yule anayekuona kwa macho. Lakini najua mmekaa hapo mezani mnanisubiri, na Mama ameshakunja uso. Basi, kama ni lazima: nusukaputi. Sababu yangu si ya kitabuni. Mjomba, hujawahi kukaa kimya saa mbili ukiwa macho.

Mpwa wako

*

Nyumbani,
17 Machi

Kwa mpwa wangu Daktari,

Salamu zako zimefika na zimegawanywa. Baba yako mdogo kweli ilibidi aguswe. Kinyozi na mkewe wamesemeshana, sasa tunatamani wangenyamaza. Mama yako aliposikia unavyosema "nimemuuliza anayejua kuliko mimi" alijipiga kofi pajani. Alisema mnaona, huo ndio usomi, msomi hajivuni. Ameirudia sentensi hiyo kwa jirani wa kulia, wa kushoto, na kwa fundi aliyekuja kuziba paa.

Kura zimehesabiwa: tatu kwa mbili, nusukaputi imeshinda.

Nami nimekata rufaa.

Sababu ni hizi. Kinyozi alipoona ameshindwa alitoa ushahidi mpya, kinyume cha taratibu zote. Ana mteja, dereva wa lori, aliyepasuliwa ngiri kwa nusukaputi. Alipozinduka mkewe alikuwa kando amemshika mkono. Jamaa akaanza kusimulia. Alimsifia yule mama mapishi ambayo yule mama hajawahi kuyapika, katika nyumba ambayo yule mama hajawahi kuiona. Sasa anakaa kwa kaka yake.

Mpwa wangu, mimi najua ushahidi. Nimeapisha watu maelfu. Mtu akiwa macho anapima neno, anaangalia hakimu, anakohoa kidogo. Huyo unaweza kumwandika kwa raha. Lakini mtu aliyelala hana wakili! Nakuuliza kitaalamu: mtu akizinduka huongea? Na kama huongea, huongea lolote, au huongea lile hasa alilolifungia? Nauliza kwa sababu mama yako ameshajiandikisha pale wodini kuwa yeye ndiye atakayekaa kando ya kitanda, na dada yangu unamjua, hata nikikoroma atataka kujua nilikuwa namaanisha nini.

Si kwamba nina cha kuficha.

(Sentensi hiyo ya mwisho iliposomwa mbele ya kikao, mama yako aliniangalia kwa muda. Nimeiacha, kwa sababu kuifuta kungekuwa kubaya zaidi.)

Tarehe ya upasuaji ni 20 Aprili. Nimemwambia yule kijana wa miwani: ganzi ya mgongo, basi. Jiwe linanisumbua, siku nyingine haliniachi nikanyooka, lakini naendelea kutembea kwa heshima.

Imesomwa, imepitishwa kwa kelele.

Mjomba wako

*

Mjini,
2 Aprili

Shikamooni wote wa kushikamoo. Naandika haraka kabla ya zamu.

Mjomba, huyo dereva angekamatwa hata kwa kupiga chafya. Nimeuliza tena. Ukiwa umelala kabisa huwezi kuongea, bomba liko kooni. Wakati wa kuzinduka wapo wachache wanaosema mawili matatu, na mengi ni upuuzi. Juzi hapa mzee mmoja alizinduka akadai arudishiwe ng'ombe wake, na hajawahi kufuga hata kuku. Hakuna anayekuhoji pale. Wala dawa yenyewe haimtoboi mtu siri. Lakini siwezi kukuapia kwamba hutasema neno lolote, kwa sababu nimekatazwa kuapa juu ya nisichokijua, na aliyenikataza ni wewe.

Una nini lakini? Umri huu, mwanamke gani huyo? Binamu, mchunguze baba yako.

Chagua ganzi kama daktari wako ameridhika nayo, mradi ufanyiwe. Jiwe lisikae.

Mpwa wako

*

Nyumbani,
26 Aprili

Kwa mpwa wangu Daktari,

Nyumbani hawajambo. Goti la mama yako limetulia. Cherehani imekatika mkanda. Hayo mengine sina nguvu ya kuyapamba.

Tarehe 20 nilikwenda. Walinivika gauni lile la kufungwa nyuma, ambalo mtu aliyelibuni hakuwahi kugeuka. Wakanikalisha ukingoni mwa meza, nikakumbatia mto, nikainama. Daktari wa usingizi, bwana mpole, akapapasa mgongo wangu. Akachoma. Akasema samahani mzee. Akachoma tena. Akamwita mwenzake. Mwenzake akachoma. Nilisikia wakinong'onezana nyuma yangu kama makarani waliopoteza jalada. Mwishowe yule mpole akaja mbele nimwone uso. Akasema mifupa ya mgongo imezeeka na kubanana, sindano haipati njia, hataki kuendelea kunitesa. Akasema lakini hakuna neno, moyo wangu mzuri, kifua changu safi, watanipa nusukaputi sasa hivi, na ndani ya saa mbili jiwe liko kwenye kopo.

Nilimshukuru. Nikashuka mezani. Nikatoka.

Mama yako alikuwa koridoni na uji kwenye chupa. Aliniona nikija, mgongo wazi, plasta tatu, wauguzi wawili nyuma yangu wanakimbia bila kutaka kuonekana wanakimbia. Hakuniuliza kitu mpaka tulipofika nyumbani, na hilo ndilo lililonitisha.

Sasa hali ni hii, nayo ni mbaya. Jiwe limesogea limeziba njia. Picha mpya inaonyesha figo limevimba. Yule kijana wa miwani safari hii hakuwa na furaha. Alisema linahitaji kufanyiwa kazi kabla ya mwisho wa mwezi wa tano, la sivyo naweza kulipoteza figo lenyewe. Na homa ikinipanda nisingoje hata saa moja, nikimbizwe palepale. Na kwamba njia iliyobaki ni nusukaputi.

Kikao kilikaa bila mimi kuruhusiwa kusema. Azimio: kwa kuwa mgonjwa hamwamini mtu amlaze, basi alazwe na mtu wa damu yake. Daktari wetu aombe ruhusa huko kazini, aje, amlaze mjomba wake kwa mkono wake mwenyewe. Kura nne, hakuna aliyepinga. Mama yako ameshawaambia hospitali kwamba binti yake anakuja. Mapokezi wameomba jina lako kamili na namba yako ya usajili wa udaktari. Anakuomba uvitume haraka.

Mimi nimelipinga azimio kwa maandishi, peke yangu. Sababu sikuitoa. Ninaandika hapa, na nimekataa yafutwe: usije. Una kazi zako. Usihangaike na hizo namba.

Imesomwa. Mama yako amepitisha yote isipokuwa aya iliyotangulia.

Mjomba wako

*

Mjini,
9 Mei

Naomba barua hii aisome Mama mwenyewe, kwa sauti, mbele ya kikao, mpaka mwisho. Mama, shikamoo. Usimpe Binamu akusomee.

Namba ya usajili sina. Sijawahi kuwa nayo. Mimi si daktari.

Nilifeli mwaka wa pili. Mtihani wa kwanza, na wa marudio, yote miwili. Niliondoka chuoni na begi langu, nikazunguka wiki tatu nikitafuta namna ya kurudi nyumbani, sikuipata. Nikapata kazi hapa hospitalini, kwenye dobi. Nikaandika nyumbani kwamba "nimeanza kazi hospitali kuu." Hilo lilikuwa kweli. Barua iliyorudi kutoka kwenu ilianza na "Kwa Daktari." Nilikaa na barua hiyo siku nyingi, Mama. Kila siku nilisema kesho nitawaeleza. Ni mwaka wa tisa sasa.

Ninaosha mashuka ya wodini, magauni ya wagonjwa, na nguo za kijani za chumba cha upasuaji. Nguo za upasuaji zinakuja na damu na dawa ya kahawia inayong'ang'ania. Zikiwa na damu huanzi na maji ya moto, ukianza nayo umelipika doa. Najua kutofautisha kwa kugusa shuka lililosuuzwa vizuri na lisilosuuzwa vizuri. Yule mama mkali wa usingizi ananijua kwa sababu siku moja alirudisha rundo zima, nikaliosha upya peke yangu, akaja kusema asante. Kwa hiyo niliyowaandikia kuhusu nusukaputi ni maneno yake, sikuongeza hata moja. Hayo yaaminini.

Sikuwa na uwezo wa kuandika haya kwa mtu mmoja tu. Katika nyumba hii hakuna mtu mmoja tu. Kila nilipoinua kalamu niliwaona wote mezani, na Baba Mdogo anaamka palepale kwenye sentensi ile. Niliona aibu. Bado naona aibu, lakini namwogopea Mjomba kuliko ninavyoona aibu.

Mjomba, sijui unaogopa kusema nini ukilala, wala sitauliza tena. Lakini kama figo lako linangoja mkono wangu, linangoja mkono wa dobi. Nenda ukalale. Nakuomba. Nenda kesho.

Mama, nimemaliza. Unaweza kukunja.

Binti yako

*

Nyumbani,
5 Juni

Mpwa wangu,

Barua hii haikusomwa na mtu wala haikupitishwa. Ni ya kwanza kutoka nyumba hii bila muhuri wa kikao. Naiandika nimekaa kitandani, mama yako ameenda kwa fundi wa cherehani.

Nianze na unachotaka kujua. Jiwe limetoka. Figo lipo, limenywea kidogo, lakini linafanya kazi. Nilipewa nusukaputi.

Barua yako ilisomwa Jumapili kama ulivyoagiza. Mimi nilikuwa nimelazwa pale sebuleni kwenye godoro la baba yako mdogo, homa imeanza. Mama yako alisoma kwa ile sauti yake ya kusomea barua zako, ya juu, madirisha wazi. Alifika pale pa "mimi si daktari." Akafuta miwani. Akaisoma sentensi ileile tena, kwa sauti ileile, akaendelea. Hakuruka neno. Alipofika kwenye dawa ya kahawia, mke wa kinyozi alikuwa analia. Baba yako mdogo alikuwa macho kabisa, sijawahi kumwona hivyo.

Alipokunja karatasi hakumgeukia mtu mwingine. Alinigeukia mimi. "Wewe ulimwona," akasema. "Uliporudi kutoka mjini ulisema umemkuta chumba cha upasuaji, kavaa kijani, hakuweza kutoka."

Ndiyo, mpwa wangu. Miaka mitatu iliyopita, nilipokuja kufuatilia karatasi zangu za kustaafu, nilifika hospitalini kwenu na kifurushi cha mama yako. Nikamuulizia Daktari kwa jina lako. Hawakumjua. Mlinzi mmoja akasema mwenye jina hilo yuko nyuma, kwenye dobi. Nikaenda. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya mvuke. Ulikuwa unavuta mashuka kwenye mashine, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko, unacheka na wenzako jambo fulani. Nilikaa kwenye benchi la nje nusu saa. Kifurushi nikamwachia mlinzi akupe, nikamwomba asiseme kwamba nilifika huko nyuma. Nilisema nikiingia kicheko kile kitakatika, na sikuwa na moyo wa kukikata. Nikarudi nyumbani, nikasimama mbele ya dada yangu nikatoa ushahidi wa uongo. Mimi! Niliyewaapisha watu miaka thelathini na tano. Na kuanzia siku hiyo kila barua nikakuita Daktari kwa kalamu yangu, maana ningeacha wangeuliza.

Hiyo ndiyo siri niliyoogopa kuizindukia. Mwanamke hakuwepo, mwambie binamu yako.

Nilimjibu dada yangu hivi: "Nilisema uongo." Akasema, "Inuka, twende hospitali." Tukaenda siku hiyohiyo, kwa sababu ya homa. Kwanza walinipitishia mrija mkojo upate njia, wakanipa dawa siku kumi, homa ikaisha. Ndipo wakanilaza. Yule daktari mpole aliniambia nihesabu kurudi nyuma kuanzia kumi. Nakumbuka saba.

Sasa yaliyofuata sikuyasikia mwenyewe, niliambiwa na muuguzi, kwa hiyo yapokee kama ya kusikia. Nilizinduka, na niliongea. Baada ya woga wote ule, siri ikiwa imeshatoka, bado niliongea! Mama yako alikuwa kando. Eti nilifungua macho, nikamwangalia, nikasema wazi kabisa, wodi nzima ikasikia: "Dada, mtoto hakutuogopa sisi sote. Alikuogopa wewe."

Muuguzi anasema mama yako hakufoka. Alikaa. Kisha akasema, "Liandikwe." Mimi nikaomba maji, nikalala tena.

Hajanigusia jambo hilo mpaka leo. Ananipikia, ananikumbusha kunywa maji. Sijui limemkaaje. Nakuandikia ujue kwamba lilisemwa, na kwamba lilisemwa na mimi, ingawa nilikuwa nusu mtu.

Mjomba wako

Mwanangu, mama yako hapa. Nimerudi nimeikuta barua hii mezani na bahasha wazi, nimeisoma. Haijapitishwa lakini iende. Alilosema mjomba wako wodini nimelisikia. Njoo nyumbani. Kazi ya kuosha ni kazi. Mashuka ya wodi aliyolazwa yananuka sabuni, hayakusuuzwa, nimeyagusa mwenyewe. Nimewaambia wauguzi binti yangu ndiye mkuu wa dobi zima la hospitali kuu, na kwamba akija atawakagua. Wanakungoja.

*

Mjini,
14 Juni

Mama, shikamoo. Shikamoo Mjomba, kunywa maji. Mashine yetu imetengenezwa, na nimepewa ruhusa ya wiki mbili. Ijumaa nitakuwa nyumbani.

Mama, mimi si mkuu. Mkuu wetu ni baba mmoja mwenye kitambi na funguo nyingi. Mimi ni mtu wa mashine ya tatu. Nikifika tutaenda wodini pamoja, mimi na wewe, na utawaambia hivyo, mashine ya tatu. Sitasema badala yako. Nitasimama karibu yako mpaka umalize.

Binti yako